Mlango wa Ubavuni

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoboa ukuta nyumbani kwangu Mkomaindo, hapa Masasi, ili nipate mlango wa kuingilia chumba kipya cha nyuma. Nyumba yangu ni ya tofali, ila kile kipande cha zamani tulichokikuta kiwanjani ni cha miti na udongo. Fundi alipobandua udongo wa kwanza ikatoka ile harufu. Wenzangu mliokulia Newala na Masasi mnaijua: vumbi lililokaa gizani miaka, nyasi zilizoozea ndani ya udongo, na oili chafu ambayo wazee wetu walipaka nguzo ili mchwa wasizile. Fundi akafika kwenye mti uliolala mshazari ndani ya ukuta, akaugonga kwa kisigino cha shoka, akaniuliza, "Mama Hadija, huu unanizuia. Niukate?"

Nilimwambia apumzike anywe chai, nikaenda uani nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Binti yangu akaja kuniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kitoto, na waliostahili hasira hiyo wote wamo ardhini.

Nyumba niliyozaliwa Newala aliijenga babu mzaa mama. Ilikuwa na korido ndefu katikati, mlango wa mbele ukitazama barabara na wa nyuma ukitazama jiko, na vyumba viwili kila upande. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa watu wa mkewe, na nyumba hufuata mama na binti zake. Kwa hiyo baba yangu Hamisi, fundi cherehani kutoka Lukuledi, alipomwoa mama alikuja na cherehani yake akaingia katika nyumba ambayo si yake na isingekuja kuwa yake. Babu na bibi walikuwa wamehamia shambani, wakawaachia nyumba. Babu alipofariki, na nyonga ya bibi ilipoanza kumsumbua, bibi akarudi mjini. Hakuomba. Alishuka kwenye trekta la jirani na godoro lake, akaingia chumba cha mbele cha kushoto, ambacho baba alikuwa akihifadhia vitambaa, akasema, "Hapa ndipo nilipozalia wanangu. Nipisheni." Nyuma ya chumba hicho, wakitenganishwa na ukuta mmoja, walilala baba na mama.

Mtakumbuka adabu ya mkwe ilivyokuwa. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawatajani majina, na wakiwa na la kuambiana hupitishia kwa mtu mwingine. Ni adabu nzuri kwa watu wanaoheshimiana. Kwa watu wanaochukiana ilikuwa silaha, na bibi yangu alijua kuitumia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Alitandika mkeka wake koridoni, katikati kabisa, akanyoosha miguu, akawa anabangua korosho kutwa. Mlango wa nyuma ulikuwa wa jikoni, wa wanawake, mwanamume hakupitia huko. Baba akitoka kwenye kibanda chake cha kushonea kule barabarani, ilimpasa asimame nje ya mlango akohoe, bibi ajifunike na kugeukia ukutani, ndipo apite. Na bibi alikuwa hana haraka. Aliacha kubangua, akapaka majivu viganjani kuondoa yale mafuta ya maganda yanayounguza, akayasugua kidole baada ya kidole. Akaitafuta khanga iliyokuwa begani kwake. Akakunja mguu mmoja, akapumzika, akakunja wa pili. Baba amesimama nje, ukungu wa Newala unamlowesha shati, au mvua inapiga. Akikohoa mara ya pili, bibi alianza upya na majivu.

Chuki yenyewe ilianzia kwenye mikorosho. Babu alikuwa amepanda mikorosho mbele ya nyumba, upande wa barabara, na baba akaikata bila kumwuliza mtu ili kibanda chake kionekane na wateja. Bibi alizipata habari akiwa shambani. Tangu siku hiyo hakumtaja baba kama mkwe wake, wala hakumwita Baba Somoe kama watu wengine walivyomwita kwa jina langu. Alimwita mtu wa bondeni, kwa kuwa Lukuledi iko chini na sisi tuko kwenye uwanda wa juu.

Mimi ndiye nilikuwa mtu wao wa kati. Nilikuwa nimeanza shule mwaka ule, na kazi hiyo niliipenda kwa sababu niliielewa vibaya. Niliamini kwamba baba na bibi hawasikilizani kabisa, yaani kwamba mtu akishakuwa mkwe wa mwingine Mungu humziba masikio kwa sauti ya yule mmoja tu. Sikuona sababu nyingine ya mtu kusimama hatua mbili kutoka kwa mwenzake na kupitisha maneno kwa mtoto. Basi nilisema kwa sauti kubwa, nikitamka vizuri, kama mtu anayesaidia viziwi.

"Somoe," bibi alisema, "mwambie baba yako vumbi la viatu vyake linaingia kwenye korosho zangu."

"Baba, bibi anasema vumbi la viatu vyako linaingia kwenye korosho zake."

"Mwambie bibi yako korosho hazibanguliwi njiani."

"Bibi, baba anasema korosho hazibanguliwi njiani."

"Mwambie njia hii aliichonga mume wangu. Yeye alichonga nini?"

Mama alikuwa jikoni akisikia yote. Alikuwa mwanamke mkimya, anayefanya kazi huku ameinamisha kichwa, na mimi nilidhani ukimya ule ni uoga. Mchana alipeleka chakula cha bibi koridoni na cha baba kibandani, akarudi kula na mimi penye mafiga, na hakuna siku niliyomsikia akimsema mmoja kwa mwingine.

Siku moja wakati wa baridi baba alisimama nje na mzigo wa sare za shule alizokuwa ameshona, mvua ya manyunyu ikinyesha, na bibi akasugua majivu mpaka kitambaa cha juu kikaanza kuchuja rangi. Baba hakukohoa tena. Alizunguka nyumba, akasimama ubavuni, nje ya chumba chao, akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akapiga kofi juu ya ule udongo. "Hapa," akamwambia mama aliyekuwa amemfuata. "Natoboa mlango wangu hapa. Sitakohoa tena kama mbuzi mgonjwa."

Walimwita mjomba Bakari, kaka yake mama, ambaye alikuwa seremala na alikuwa amesaidia kuijenga nyumba ile akiwa kijana. Alikuja na shoka na kamba, akabandua udongo pale baba alipoonyesha. Chini yake tukaona nguzo zimesimama wima, fito zimelala juu yake, na mti mmoja mnene umekatiza zote mshazari, kutoka juu kwenye nguzo ya kona ya nyuma, chini ya mtambaapanya, ile boriti ndefu inayolala juu ya nguzo na kubeba paa, kushuka hadi chini ya ukuta. Ulikuwa mweusi kwa oili chafu, na ulipita katikati kabisa ya mlango wa baba.

"Shemeji," mjomba alisema, "mlango unaweza kukaa hapa. Lakini huu mti ndio unaozuia ukuta usilale. Upepo ukitoka kule nyuma unasukuma kona, kona inasukuma mti, mti unakataa. Mzee aliweka mmoja tu upande huu. Ukiukata, nguzo zote zinabaki zimesimama kama watu kwenye foleni. Akisukumwa wa nyuma, wanalala wote."

"Basi weka mwingine."

"Nitaweka. Ila hapa mlango ukishakaa hakuna nafasi. Nafasi iko mbele, kwenye ukuta huu huu, chumbani kwa mama yetu. Tubandue udongo wa ndani kule, tuulaze mti mpya kutoka nguzo ya kona ya mbele, tuufunge kwenye kila nguzo, tukandike. Ule kwanza. Ukishakaza, ndipo tuukate huu."

"Na yeye?" baba aliuliza. Hakusema nani.

"Atakaa kwangu mpaka udongo ukauke."

Baba akacheka, si kicheko kizuri. "Kwa hiyo mlango wangu unasubiri ruhusa ya mama yako. Na jibu lake unalijua kabla hujauliza."

"Mimi nasema habari ya ukuta, shemeji."

"Wewe ni mtoto wake."

Nilitumwa mimi kuuliza. Nilimkuta bibi amekaa kitako pale pale koridoni, lakini amesogea hadi mlangoni pa chumba chake, sikio limeelekea ukutani. Nilimweleza vizuri, mti huu, mti ule, kukaa kwa mjomba mpaka pakauke. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie baba yako," alisema, "mimi nimetolewa shambani na kifo. Sitatolewa chumbani na mlango wake. Anayetaka mti huo uingie humu aje aombe mwenyewe."

Sasa, hilo lilikuwa jambo lisilowezekana, na alijua. Mkwe haji kumwomba mama mkwe kitu kwa kinywa chake. Alikuwa amemwekea sharti ambalo kulitimiza ni aibu na kutolitimiza ni kukosa mlango. Nilizunguka nyumba nikayafikisha maneno yale kwa sauti yangu ya viziwi. Mjomba Bakari akaangalia chini. Baba akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, akasema, "Vizuri."

Alisubiri mjomba aende Masasi kununua misumari na mabati ya mteja. Asubuhi hiyo hiyo aliazima msumeno kwa jirani. Mama alisimama mlangoni pa jiko mikono ina unga wa muhogo. "Baba Somoe, subiri kaka arudi," alisema.

"Kaka yako akirudi atakuta mlango."

Nilikuwa pale. Namkumbuka alivyopiga goti ndani ya ule udongo uliobanduliwa na kuanza kukata. Msumeno uliingia vizuri mwanzoni, halafu ukabanwa. Mti uliubana kama taya, haukwenda mbele wala nyuma. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mti uliokufa zamani una nguvu za kubana namna ile, na nini kilichokuwa kinausukuma. Baba alitukana, akagongomea kabari kwenye mkato, akaendelea. Ulipokatika ulilia mlio mfupi mkavu, na vipande viwili vikapishana kidogo. Ncha zake hazikutazamana tena. Juu yetu bati lilinong'ona, misumari ikijisogeza.

Ndani ya nyumba bibi alisema, kwa sauti ya kawaida tu, "Somoe, mwambie baba yako nimesikia."

Baba aliweka miimo miwili na kizingiti juu, akatundika mlango alioununua kwenye nyumba iliyovunjwa, akaupaka rangi ya buluu. Mjomba Bakari aliporudi aliutazama, akatazama vile vipande viwili vya mti vilivyobaki kila upande, akamwambia mama, "Mimi sitaingia tena humo." Akaondoka na kamba yake.

Kwa muda baba alikuwa mtu mwenye furaha. Alitoka na kuingia apendavyo. Asubuhi nilimsikia akiufungua mlango wake na kuufunga bila sababu, akiufungua na kuufunga. Wakati mwingine alikohoa kwa nguvu akiwa upande wake wa ukuta, akimdhihaki. Na bibi, aliyekosa mtu wa kumsubirisha, alikonda. Alibangua korosho zake koridoni bila mtu wa kumkunjia miguu, akawa mkali kwangu na kwa kuku. Adui yake alikuwa amempora kazi.

Kisha upepo wa kusi ukapata nguvu. Newala upepo huo hupanda kutoka upande wa Shimo la Mungu, lile genge kubwa la ukingoni mwa mji, na hauna kitu cha kuuzuia, na ulipiga kona yetu ya nyuma wiki baada ya wiki. Mlango wa buluu ukaanza kugusa juu. Baba akaazima randa, akauranda. Ukafunga. Baada ya siku chache ukagusa tena, akauranda tena. Mlango wa chumba cha bibi nao ukawa haufungi, ukabaki wazi kwa upana wa mkono. Kwenye pembe ya ukuta, juu, ukatokea ufa ambao mwanzoni uliingia ukucha wangu na baadaye kidole.

"Mwambie baba yako aendelee kuranda," bibi alisema. "Akimaliza mlango ataranda na nyumba."

"Mwambie bibi yako akihama siku chache tu, mti utawekwa."

"Mwambie aje aseme mwenyewe."

"Mwambie ahame."

Yalikuwa hayo hayo kila siku, na mimi katikati, sauti imekauka. Msifikiri walikuwa hawaoni. Bibi alilala chini ya ule ufa. Baba alilala chini ya ule ufa. Kila mmoja aliona ukuta unainama na kila mmoja alimngoja mwenzake aogope kwanza. Mama ndiye aliyekuwa akipanda kwenye kinu kilichopinduliwa, akiweka kiganja chake mahali boriti ilipokaa juu ya nguzo, akiangalia imeteleza kiasi gani. Alimwomba baba. Alimwomba bibi. Nilimsikia akiwaomba kila mmoja peke yake, kwa maneno yale yale, na wote wawili walimjibu, "Mwambie yeye."

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na upepo mbele yake. Baba alikimbiza cherehani yake kutoka kibandani, akaiingiza chumbani kwa mlango wake, na mlango ukakataa kufunga nyuma yake. Maji yalikuwa yanaingia. Akachukua randa. Alisimama pale kwenye kizingiti, mgongo ukiwa chini ya boriti, akiranda mlango uliolowa huku upepo ukimpiga. Mimi nilikuwa koridoni na bibi, na mlango wa chumba cha baba na mama ulikuwa wazi, tukimwona.

Bibi ndiye aliyetazama juu. Sijui aliona nini, vumbi au mwanga mahali pasipo na mwanga. Aliinuka kwa ile nyonga yake mbovu, akashika ukuta, akaita.

"Hamisi. Toka hapo."

Baba alitoka. Aliruka nje kwenye mvua, na nyuma yake nguzo zikalala, moja ikaiegemea nyingine polepole kama watu waliochoka, boriti ikashuka, udongo ukamwagika nje na ndani. Paa likainama juu ya ukuta wa kati likakwama hapo. Nusu ya chumba chao ikawa wazi, na nusu ya chumba cha bibi pia. Mlango wa buluu ulikuwa chini ya udongo pamoja na cherehani.

Lakini kilichonishangaza mimi hakikuwa ukuta. Nilishangaa kwamba alisikia. Alimwita kwa jina lake, bila mimi, naye akasikia. Nilimtazama bibi, nikamtazama baba aliyesimama kwenye mvua, nikajua mara moja kwamba walikuwa wamesikia kila neno tangu mwanzo, kila siku, na kwamba kunipa mimi maneno yale makali niyabebe kinywani halikuwa jambo la lazima hata mara moja. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilitaka kutema mate.

Mnaweza kudhani mtu aliyeokolewa atashukuru. Baba alikuja mpaka mahali ukuta ulipokuwa, akamtazama bibi usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Sasa umefurahi?"

"Nimefurahi," bibi akasema. "Ulikata mikorosho ya mume wangu, ukakata na mti wake. Bado shingo yako."

"Mume wako alikimbilia shambani akupishe, ukamfuata na huko. Alikufa ili apumzike."

"Na wewe kwenu ungekuwa mtu wa maana usingekuja kujibanza kwa wanawake. Kila unachokula kimeota kwenye ardhi ya mwanangu. Hata huo mlango uliutundika kwenye nguzo zetu."

Walikuwa wameonana na sasa hapakuwa na kitu cha kuwazuia. Jina lilishatajwa, uso ulishatazamwa, na yote waliyokuwa wameyapima na kuyapunguza ili yapite kwenye kinywa cha mtoto yakatoka yalivyo. Walisema mambo ya vitandani. Walisema mambo ya makaburini. Majirani walikuja wakasimama chini ya upenu wa nyumba ya pili, na hakuna aliyeingilia, kwa kuwa mkwe na mama mkwe wakifikia hapo mtu wa nje hana neno la kuweka.

Wakati wote huo mama alikuwa amepiga magoti kwenye tope akichimbua kwa mikono. Alitoa mto. Alitoa sare za shule za watoto wa watu. Aliichimbua cherehani, gurudumu lake limepinda, akaiweka pembeni, akafuta tope usoni kwa mkono wake wenye tope. Kisha akasimama kati yao.

"Mmemaliza?" aliuliza.

Bibi aliivuta khanga yake begani.

"Mama, utakwenda kwa kaka Bakari. Leo. Baba Somoe, kesho utakwenda kwenu Lukuledi."

"Unanifukuza kwenye nyumba yangu?" bibi alisema.

"Siku nilipoolewa ulinikabidhi mbele ya wazee. Ni yangu." Hakupandisha sauti. "Sifukuzi mtu. Nyumba ikisimama nitawaita."

Baba alitaka kusema kitu. Mama alimtazama tu, na yule niliyemdhania mwoga siku zote nikamwona ni mtu mwingine kabisa, mtu niliyekuwa nikila naye bila kumjua. Jioni mjomba alikuja kumchukua bibi. Asubuhi baba alifunga cherehani iliyopinda kwenye gunia, akanishika kichwa, akaenda kituoni.

Mjomba Bakari aliinua ile boriti kwa miti ya kuegemeza na kamba, kidogo kidogo, mpaka nguzo zikakaa wima. Aliweka mti mpya wa mshazari kwenye chumba cha mbele, pale pale alipokuwa amesema, akaufunga kwenye kila nguzo. Alipofika kwenye tundu la mlango aliuliza, "Hapa tuzibe?" Mama akasema, "Acha." Mjomba akaunyoosha ule mlango wa buluu, akautundika tena, na ukafunga kwa kidole kimoja. Mimi na mama tulikanyaga udongo, tukakandika sisi wenyewe, ndani na nje, mpaka ukuta ukawa laini kama mgongo wa mtu.

Nilingoja. Asubuhi moja nikamwambia, "Mama, nyumba imesimama. Tuwaite?"

Aliweka kiganja ukutani. "Bado haijakauka."

Niliamini. Kila siku niliporudi kutoka shule niliweka kiganja changu pale alipoweka chake, na mimi niliona ni pakavu, pakavu mpaka vumbi linabaki mkononi, lakini nilidhani ni utoto wangu, kwamba kuna namna ya kugusa udongo ambayo wakubwa wanaijua na mimi sijafundishwa. Niliuliza tena baada ya mavuno ya muhogo. Niliuliza msimu wa mabibo. Aligusa ukuta, akafikiri kweli kweli, akasema bado. Alilala usingizi mzuri siku zile. Aliimba akitwanga, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia, na jioni alikaa kwenye ule mlango wa ubavuni akichambua mboga, miguu ameinyoosha, hakuna anayepita.

Bibi alifia kwa mjomba Bakari, hajaitwa. Mama alimwosha, akamlilia kwa uchungu wa kweli, na waliomsema vibaya msibani kwa kutomwita mama yake aliwapakulia chakula kama wengine. Baba alipanda kutoka Lukuledi kuja kuzika. Baada ya mazishi alikuja nyumbani peke yake, amevaa kanzu, akasimama kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa chao. Alikuwa amezeeka kidogo mashavuni. Alimwambia mama cherehani ilishatengenezwa, inashona vizuri. Mama akasema ni jambo jema. Akanituma nilete maji ya kunywa.

Niliporudi na kikombe nilimkuta baba ameinua mkono, ameuweka ukutani, anapapasa taratibu kutoka kwenye mwimo wa mlango kwenda kwenye kona.

"Mama Somoe," alisema, "hapa mbona pamekauka zamani."

Mama alikuwa anakunja shuka. Aliikunja mpaka mwisho, akaiweka kitandani, akailainisha kwa kiganja.

"Juu," alisema. "Ndani bado."

Baba aliyanywa yale maji yote, akanirudishia kikombe, akaaga, akaenda kuwahi gari la Masasi.